Nyota yenye namba na nyota isiyo na jina

Swali: Shikamoo mzee. Marehemu baba alisoma Moscow, akarudi nyumbani 1992. Mwaka jana tulipogawana vitu vyake nilipewa bati la biskuti ambalo sisi watoto tulikatazwa kulifungua. Ndani mna kibendera chekundu cha pembetatu chenye matamvua ya dhahabu na maandishi ya Kirusi, beji ndogondogo kama thelathini, na nyota moja nzito nyekundu yenye namba nyuma. Chini kabisa, zimefungwa kwenye leso, mna medali tatu za babu mzaa baba, aliyekuwa askari wa Keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (King's African Rifles), na akapigana Burma, Myanmar ya leo. Bwana mmoja anayenunua vitu vya zamani hapa Tanga ameniambia atanipa shilingi 80,000 kwa vyote. Ni bei ya haki? Kukaa navyo ni halali? Nivisafishe kwanza? Tena kijana wangu wa kidato cha tatu, tangu aione ile nyota, anataka naye awe mkusanyaji. Aanzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Swali lako nimelisoma mara mbili, nikaona nikujibu kwa kirefu, maana vitu ulivyovitaja ndivyo nilivyokaa navyo zaidi ya nusu ya umri wangu. Lakini kwanza mawili ya haraka. Huyo bwana mwambie asubiri. Na hizo medali usizipake kitu chochote, iwe limau, majivu, dawa ya meno wala Brasso. Ziache na weusi wake.

Tuanze na nyota, kwa kuwa ndiyo iliyomteka kijana.

Itoe asubuhi kwenye mwanga wa dirishani, uilaze juu ya kitambaa cheupe. Ina pembe tano, na upana wake ni kama vidole vitatu. Katikati kuna duara la fedha, na ndani yake askari amesimama, koti refu limeshuka chini ya magoti, bunduki ameishika mbele yake. Maandishi yanayomzunguka ni ule wito wa wafanyakazi wa nchi zote kuungana. Chini yake kuna herufi nne ambazo wengi wetu huzisoma "CCCP". Hizo ni herufi za Kirusi, husomwa "SSSR", yaani Muungano wa Jamhuri za Kisovieti za Kijamaa. Mwisho kuna nyundo na mundu. Ukiyaona hayo yote, unayo Nishani ya Nyota Nyekundu, iliyoanzishwa tarehe 6 Aprili 1930. Zilitolewa takriban milioni 3.8, nyingi kati yake katika vita vya Wasovieti na Wajerumani vya 1941 hadi 1945. Si kitu adimu, basi, na yeyote atakayekuambia ni hazina ya mamilioni anakudanganya sawasawa na yule atakayekuambia ni kipande cha bati.

Sasa igeuze. Utakuta skrubu fupi imesimama katikati, na nati bapa ya duara imefungwa juu yake. Askari alitoboa koti lake, akapitisha skrubu, akaikaza nati kwa ndani. Kuna maandishi yaliyoinuka, ambayo ni jina la kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu, na chini yake namba iliyochorwa kwa mkono wa fundi. Hiyo namba ndiyo roho ya nishani. Azima kioo cha kukuzia kwa fundi saa uiangalie taratibu. Namba ya mkono haina kina kimoja. Mkato mmoja umezama, mwingine umepita juu juu, na fedha inayoizunguka iko sawa na sehemu nyingine za mgongo. Mwenye kughushi huikwangua namba ya kwanza ili aandike nyingine inayolingana na karatasi alizonazo. Hapo alipokwangua patabonyea kidogo, na ukiinamisha nyota kwenye mwanga utaona mikwaruzo ya tupa yote imeelekea upande mmoja.

Ule wekundu nao si rangi ya kupaka. Ni kioo kilichoyeyushwa juu ya fedha, kama mabakuli na mabirika ya enameli ya bibi zetu, na ndiyo maana hubanduka kwa kumeguka. Kama kwenye pembe moja utaona wekundu uliofifia, usio na kina, usiomeremeta sawa na pembe nyingine, kuna mtu aliziba pengo kwa rangi ya kucha. Hilo haliifanyi nishani kuwa bandia. Linaishusha bei tu. Ukitaka uhakika zaidi nenda kwa sonara unayemwamini, aipime uzito. Iwe gramu thelathini na kitu. Lakini akishika tupa au chupa ya tindikali ili apime fedha, mwombe airudishe mezani.

Utajiuliza baba aliipataje. Sikumjua, ila huo mwaka 1992 nauelewa. Muungano wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991, bei zikapanda kwa kasi, na akiba za wazee zikayeyuka ndani ya miezi michache. Katika mtaa wa Arbat na kwenye soko la Izmailovo, mjini Moscow, watu walisimama wameshika nishani zao, au za baba zao, wakiziuza kwa wageni ili wapate cha kula. Wanafunzi wa Kiafrika walikuwepo, wengine walinunua, wengine walipewa zawadi na wenye nyumba waliokuwa wakiwahurumia. Simhukumu marehemu. Lakini nataka ujue kwamba hiyo nyota ilikuwa kifuani mwa mtu, na kwamba mtu huyo anaweza kutajwa jina.

Namna yake ni hii. Kila aliyepewa nishani alipewa pia kijitabu kidogo chenye jina lake, na ndani yake namba za nishani alizotunukiwa. Pekua karatasi za baba, hata zile za shule na tiketi za ndege. Kijitabu kikipatikana na namba ikaoana na ya mgongoni, umekipata kitu ambacho wakusanyaji hukitafuta kwa tochi. Wizara ya Ulinzi ya Urusi imeweka kwenye intaneti mamilioni ya karatasi za vita, na ukiwa na jina unaweza kuisoma ile hati ambayo kamanda wake aliiandika, siku gani na mahali gani, na alifanya nini. Kama huna jina, namba peke yake hutafutwa kwenye kadi za hifadhi ya jeshi iliyoko Podolsk, karibu na Moscow. Kazi hiyo huhitaji mtafiti wa kulipwa. Usishangae pia ikitokea kwamba hakupewa kwa ushujaa wa vita. Kuanzia 1944 hadi 1957 nishani hii ilitolewa pia kwa wanajeshi waliotimiza miaka 15 kazini, kwa hiyo Nyota Nyekundu mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa za watu wawili tofauti kabisa: mmoja aliyevuka mto chini ya mizinga, mwingine aliyeshika madaftari ya bohari.

Tahadhari moja ya sheria. Nchini Urusi, kifungu cha 324 cha kanuni ya jinai kinakataza kununua na kuuza nishani za serikali, za Urusi ya leo na za Kisovieti pia. Kwa hiyo asije ndugu anayesafiri akakwambia "nipe niiuze kulekule kwao". Atajiingiza matatani. Huku kwetu, kuhifadhi medali za marehemu wa ukoo wako si kosa.

Sasa fungua leso.

Hapa nitakwenda polepole, maana medali za askari wa Keya ndizo zinazonigusa kuliko zote, na ndizo ninazoona zikipotea kila mwaka. Kwa maelezo yako ya babu kwenda Burma, natarajia mbili kati ya hizo tatu ni nyota za pembe sita za madini ya manjano, zenye taji na herufi za mfalme George wa Sita katikati. Moja imeandikwa "The 1939–1945 Star", nyingine "The Burma Star". Ya tatu ni ya duara, nyeupe, upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Hiyo ni medali ya vita ya 1939 hadi 1945. Kama mojawapo ya nyota imeandikwa "The Africa Star", basi babu alipita Uhabeshi au Somalia kabla ya kuvuka bahari, na historia yake ni ndefu kuliko mlivyosimuliwa. Tepe zikiwa zingalipo, ya Burma utaitambua kwa mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande buluu iliyopasuliwa na ufito wa rangi ya chungwa.

Askari wa Keya waliingia Burma 1944 wakiwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walishuka bonde la Kabaw masika yakinyesha, kwenye matope na malaria, mpaka wakafika mto Chindwin mwishoni mwa mwaka ule. Batalioni za Tanganyika unaweza kuzitambua kwa namba. Ile ya asili ilikuwa ya 6, na za wakati wa vita zilizokwenda Burma na divisheni hiyo zilikuwa ya 26 na ya 36. Alama ya divisheni ilikuwa kichwa cha kifaru, kimeshonwa kwenye kitambaa cha begani. Nakuomba ulikung'ute bati lote na ile leso. Kama kuna kipande cha kitambaa chenye kifaru, hata kama kimeliwa na mende nusu, usikitupe. Chuma hudumu, nguo huoza, na ndiyo maana hicho kitambaa ni adimu kuliko medali zote tatu.

Igeuze Nyota ya Burma kama ulivyoigeuza ile nyekundu. Utakuta uso mtupu. Hakuna namba, hakuna jina, hakuna batalioni. Si kwamba limefutika. Nyota na medali hizi za Vita vya Pili walizopewa askari wa Keya zilitolewa bila kuandikwa jina, sawa na walizopewa Waingereza wenyewe, ingawa Australia na Afrika Kusini waliwaandikia watu wao. Ndiyo tofauti ya hizo nyota mbili zilizolala ndani ya bati moja. Mgeni asiye ndugu yako, aliyepigana huko Ulaya, anaweza kupatikana kwa namba iliyochorwa mgongoni. Babu yako mwenyewe hawezi. Kinachosema kwamba nyota hii ni yake ni ninyi tu, na ile leso, na kwamba imekaa na medali zenzake. Siku utakapompa huyo mnunuzi, akaitupia kwenye sinia lake pamoja na nyingine kumi za namna hiyohiyo, babu atakuwa ametoweka humo, na hakuna fundi wala lenzi itakayomrudisha.

Vita vya Kwanza mambo yalikuwa tofauti, na hapo ndipo linapokuja suala la kusafisha. Medali za fedha za vita vile ziliandikwa ukingoni: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Miaka ya tisini niliitwa kwenye nyumba moja huku Mombasa kuona medali ya babu wa babu. Nikaletewa kitu kinachong'aa kama kioo. Ilikuwa ya fedha, kichwa cha mfalme George wa Tano upande mmoja, mpanda farasi upande wa pili, ila mpanda farasi hana tena uso wala misuli, amekuwa kivuli laini. Bibi mwenye nyumba akanieleza kwa fahari kwamba kila Idi, tangu akiwa msichana, huisugua kwa majivu na limau. Nikauzungusha ukingo kwenye kioo cha kukuzia. Namba ilikuwepo, tarakimu mbili za mwisho. Baada yake palikuwa na nafasi ndefu laini, na mwishoni nusu ya herufi K. Miaka sabini ya mapenzi ya kweli ilikuwa imelifuta jina la mwenyewe. Sikuweza kumwambia. Nilimshukuru, nikanywa kahawa, nikaondoka.

Kwa hiyo swali lako la kusafisha jibu lake ni hapana, na sababu yake ndiyo hiyo. Weusi juu ya fedha haudhuru, tena huikinga. Kinachodhuru ni kutu ya kijani kwenye shaba, ile ya unga unaoshika kidole. Hiyo itoe kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, ukavu bila dawa, kisha uhifadhi mahali pakavu. Basi.

Na kwa kuwa nimetaja majina, niseme na hili. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hao ndio wapagazi, wale waliobeba mizigo ya jeshi, ambao kikosi chao ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Ukiishika medali ya Mwafrika wa vita vile yenye jina linalosomeka ukingoni, umeshika kitu ambacho maelfu ya familia hawakupewa. Nikiikuta sokoni huinunua kwa bei yoyote ninayoimudu, kisha hutafuta ukoo. Mara mbili nimefanikiwa kuirudisha.

Kibendera na beji havina siri nyingi. Vibendera vya pembetatu vilikuwa kila mahali katika nchi za kikomunisti: kiwandani, shuleni, kwenye timu ya mpira, hata kwenye bogi la treni. Vingi vimeandikwa "Kwa mshindi wa mashindano ya kijamaa" au maneno ya jamaa yake, na kichwa cha Lenin pembeni. Sokoni bei yake ni ndogo. Lakini geuza uangalie nyuma, kwenye bitana. Mara nyingi waliotoa zawadi waliandika kwa wino: jina la aliyepewa, tarehe, sahihi za wenzake. Wanafunzi wa Chuo cha Patrice Lumumba cha Moscow, wageni kwa wenyeji, walikwenda likizo za kiangazi kwenye vikosi vya ujenzi, na baba huenda alikipata huko kwa kujenga zizi au barabara. Usikifue, maana wekundu wake utachuja na kuyala matamvua. Usikipige pasi. Usikikunje kupitia usoni mwa Lenin, kwa kuwa kitapasuka hapohapo. Kizungushe kwenye bomba la karatasi lililovishwa kitambaa cha marekani, yaani pamba isiyotiwa rangi, kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri.

Beji zigeuze moja moja pamoja na kijana, atafurahi. Nyuma ya nyingi kumegongwa bei, kwa mfano herufi moja ya Kirusi, kisha 15 au 20, halafu "коп", yaani kopeki. Zilikuwa za kuuzwa vibandani, na Warusi wenyewe walizikusanya kwa mamilioni. Kama mna yenye dubu aliyejifunga mkanda wenye duara za Olimpiki, huyo ni Misha wa Moscow 1980. Itenge. Michezo ile Kenya iliisusia, Tanzania ilikwenda, na ndipo Filbert Bayi alipopata fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha katika mita 5,000. Hizo ndizo medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki. Beji yenyewe inauzwa kwa senti, lakini kwa nyumba ya Mtanzania aliyekuwa na baba Moscow ina mahali pake.

Sasa bei. Nyota Nyekundu iliyo nzima, bila kijitabu, huuzwa makumi ya dola katika minada ya nje, na peke yake yaweza kuzidi zile shilingi 80,000. Nyota za Burma na wenzake ni makumi ya pauni kila moja, chini zaidi kwa ile ya 1939–1945. Huyo bwana anajua anachokifanya. Simwiti mwizi, kwa kuwa naye anakula kwa tofauti ya bei, lakini bei ya haki si hiyo. Ukibanwa kabisa na shida, uza beji zile zinazojirudia, uza hata nyota nyekundu kwa mtu atakayeihifadhi na historia yake yote. Za babu usiziuze. Nasema hivi nikijua zina soko dogo: fedha utakazopata hazitamaliza ada ya muhula mmoja, na hutaweza kuzinunua tena, kwa sababu hutazitambua.

Tuje kwa kijana. Mwambie achague kitu kimoja, chenye njia ya kufika nyumbani kwake. Wanaoanza kwa kununua kila kinachong'aa huishia na ndoo ya vyuma. Kuna nyanja mbili ambazo mkusanyaji wa Afrika Mashariki yuko karibu nazo kuliko Mzungu yeyote. Ya kwanza ni beji za Mao. Tangu 1966 China ilizitengeneza kwa mabilioni, nyingi za alumini, mpaka ikasimuliwa kwamba Mao mwenyewe alilalamika arudishiwe madini ya kutengenezea ndege. Kati ya 1970 na 1975 mafundi wa Kichina walijenga kilomita 1,860 za reli ya TAZARA, na beji zao zilibaki kwenye makabati ya watu kuanzia Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ya zamani ni nyepesi, na nyuma mara nyingi ina maandishi ya kiwanda au kikosi kilichoitoa. Mkusanyaji mwenye bidii hamwulizi mzee wa Mlimba, kwenye reli hiyo, bei ya beji tu. Humuuliza nani alimpa, kwenye daraja gani, na anaandika.

Ya pili ni Ujerumani Mashariki na Zanzibar. Visiwa viliitambua serikali ile mwaka 1964, mapema kuliko nchi nyingine zote za Afrika kusini mwa Sahara, na baada ya hapo wakaja walimu, madaktari, mafundi na vijana wa FDJ, umoja wa vijana wa nchi ile, wenye mashati ya buluu na beji ya jua linalochomoza. Mipango ya magorofa ya Michenzani ni mkono wao. Taifa lenyewe lilidumu 1949 hadi 1990 tu, na lilipenda mno kutunuku: mfanyakazi hodari, brigedi hodari, miaka mitano kazini, kumi, kumi na tano, kila moja na medali yake ndani ya kikasha na cheti chake. Kwa sababu hiyo ni nyanja rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi, na ina mwisho unaoonekana. Ajifunze kutotenganisha medali na kikasha wala cheti. Medali tupu ya Ujerumani Mashariki ni ya bei ya soda. Ile yenye cheti cha mtu aliyefanya kazi Unguja ni historia ya kwetu.

Yako mambo ya kumkataza waziwazi. Asiokote wala asinunue risasi na mabomu, hata yaliyooza. Yaliyokaa ardhini miaka mia bado hulipuka. Asichimbe kwenye viwanja vya vita vya Taita au Lindi, kwa kuwa sheria za mambo ya kale za Kenya na Tanzania zinataka kibali, na kitu kilichong'olewa bila kuandikwa kilikotoka kimeshapoteza nusu ya maana yake. Asikusanye sare na kombati za majeshi yetu, maana raia kukutwa nazo ni kesi. Vitu vya Kinazi aviache pia. Bandia ni nyingi kuliko halisi, Ujerumani yenyewe inaadhibu kuzionyesha alama zake hadharani, na mimi sijawahi kutaka kitu hicho kilale chini ya dari moja na watoto. Na asimnunulie medali mzee aliye hai, iwe wa Kagera wa 1978 au wa popote. Mzee akiwa na shida, asaidiwe kwa njia nyingine, na medali ibaki kwake.

Kuhifadhi, ninyi wa Tanga kama sisi wa Mombasa, adui ni chumvi ya hewani. Bati la biskuti si baya kama halina kutu, ila liwekwe kitambaa cha marekani ndani, na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe kila baada ya miezi michache. Usifunge kwa raba bendi, zinaipaka fedha weusi. Usitumie mifuko ya plastiki laini inayonuka, wala magazeti. Nati ya Nyota Nyekundu ifunguliwe mara moja tu, kwa vidole, bila koleo, mpige picha namba, kisha irudishwe.

Leso ya babu isitupwe wala isifuliwe. Medali zake zirudi humohumo, na karatasi juu yake.

Hiyo karatasi andika wiki hii: jina lake kamili na la baba yake, kijiji, mwaka aliochukuliwa, aliyekuwa akizitunza medali kabla ya baba. Kama yupo shangazi, dada wa baba, nenda naye uketi, umwulize mambo mawili: babu alikuwa batalioni gani, na namba yake ya Keya. Usidhani atakuwa amesahau. Askari wale walifundishwa kuitaja namba kama mtu anavyotaja jina lake, na nimekutana na mabinti wa miaka themanini wanaoikumbuka ya baba zao kwa kuwa waliisikia kila alipokuwa akisimulia. Akiitaja, iandike palepale. Kisha nitumie picha ya mgongo wa nyota nyekundu, ya bitana la kibendera, na ya kile kitambaa cha kifaru kama Mungu amekihifadhi, tuendelee kutoka hapo.